Printa Inayogonga Karatasi

Benki nyingi zimekuwa zikitoa namba ya siri ya kadi mpya ndani ya bahasha iliyofungwa pande zote. Ukiiinua kwenye mwanga huoni kitu, kwa kuwa karatasi yake imejazwa michoro iliyosongamana ya kupoteza macho. Ukichana ukingo wenye vitobo ndipo tarakimu nne zinapojitokeza. Wengi hudhani yupo karani aliyechapa, akakunja, akagundisha. Sivyo. Bahasha hutoka kiwandani ikiwa imeshafungwa, hupita kwenye printa ikiwa imefungwa, na namba huchapwa ndani yake bila gundi kuguswa. Printa hiyo huwa imetolewa utepe wa wino kwa makusudi, kwa hiyo juu ya bahasha haiachi tarakimu inayosomeka. Kinachopita ni mapigo tu. Mapigo hayo hupenya karatasi ya juu, hubana kaboni iliyofichwa ndani, na kaboni ndiyo inayoandika.

Printa ya leza ya mamilioni ya shilingi haiwezi kazi hiyo. Ya wino haiwezi. Inayoweza ni ile mashine ya kelele ambayo wauzaji huiita doti matriksi, inayokaa kwenye kaunta za maduka ya jumla, ofisi za mawakala wa forodha na madirisha ya benki, plastiki yake imegeuka njano kwa uzee, na kila mgeni anayeingia huuliza kwa nini ofisi haijanunua ya kisasa. Nataka kumjibu mgeni huyo. Lakini itabidi kwanza tuzipitie hizo za kisasa, maana thamani ya mashine inayogonga huonekana vizuri ukishajua zisizogonga zinafanyaje kazi.

Mpaka mkuu katika ukoo wa printa uko hapo: zipo zinazogonga karatasi na zipo zisizoigonga. Rangi, kasi, kuunganishwa kwa waya au bila waya, yote hayo ni mambo ya baadaye.

Tuanze na leza, ambayo ni mtoto wa mashine ya fotokopi. Mwaka 1938 Chester Carlson, aliyekuwa akifanya kazi za hataza mjini New York, alifanikiwa kunakili maandishi kwa kutumia umeme tuli na unga mkavu. Miaka 30 hivi baadaye Gary Starkweather, mhandisi wa kampuni ya Xerox, akafikiria kwamba badala ya kumulika karatasi inayonakiliwa, mwale wa leza unaweza kuchora ukurasa moja kwa moja kwa amri ya kompyuta. Wakubwa wake hawakupendezwa na wazo hilo. Akahamia kituo cha utafiti cha kampuni hiyohiyo huko Palo Alto, California, mwaka 1971, na huko ndiko lilikokamilika. Kwa watu wa kawaida printa ya leza ilifika mezani mwaka 1984, HP ilipotoa LaserJet ya kwanza kwa dola 3,495.

Ndani yake kuna ngoma inayochajiwa umeme tuli. Mwale wa leza hupita juu ya ngoma na kuondoa chaji mahali panapotakiwa kuwa na maandishi. Tona, ambayo si wino bali ni unga laini wa plastiki wenye rangi, hushika sehemu hizo tu, kisha huhamishiwa kwenye karatasi. Mwishoni karatasi hupita kati ya rola mbili, moja ikiwa na joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na plastiki huyeyuka ikashikamana na nyuzi za karatasi. Ndiyo maana ukurasa hutoka ukiwa wa moto, na ndiyo maana printa ya leza ikiwaka taa za ofisi hucheza. Mwenye UPS ndogo au umeme wa sola asithubutu kuichomeka humo: ile rola inapopashwa joto hudai mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS hulia na kuzima.

Printa za wino zina hadithi yake. Mwaka 1977, katika maabara ya Canon nchini Japani, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa kwa bahati mbaya sindano iliyojaa wino, na tone likaruka kutoka kwenye ncha. Mtafiti Ichiro Endo na wenzake wakaona kwamba joto linaweza kurusha wino. Leo printa za Canon na HP hufanya hivyo: kijoto kidogo mno huchemsha wino kwa muda wa sehemu chache za milioni za sekunde, povu linatokea, povu linasukuma tone. Epson walikataa njia ya joto wakatumia fuwele ambayo hujikunja ikipewa umeme, na kujikunja huko ndiko kunakosukuma wino. Katika njia zote mbili karatasi haiguswi na kitu isipokuwa tone. Kwa picha na kwa rangi hakuna wa kushindana nazo, na tangu zije zile zenye matangi ya kujaziwa wino gharama ya ukurasa imeshuka sana. Tatizo lake ni kwamba tundu za kichwa ni nyembamba kuliko unywele, na zikikaa wiki kadhaa bila kazi wino hukauka humo. Ofisi inayochapa barua moja kwa mwezi isinunue printa ya wino hata ikipewa punguzo.

Ya tatu ni printa ya themo, na hii kila Mtanzania na kila Mkenya anabeba kazi yake mfukoni bila kuifikiria. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, haina wino. Karatasi yenyewe imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali yenye asili ya tindikali. Kichwa cha printa kina mstari wa vijoto vidogo. Panapopata moto, vitu hivyo viwili huyeyuka na kuungana, na pale pakageuka peusi. Ni teknolojia nzuri sana: kimya, haraka, hakuna katriji ya kubadilisha. Ila karatasi hiyo inabaki na tabia yake hata baada ya kutoka kwenye mashine. Iache kwenye dashibodi ya gari mchana wa Januari, itageuka nyeusi yote. Iweke kwenye pochi ya plastiki, miezi michache tu maandishi yatafifia. Na sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinataka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Ndiyo sababu wahasibu wenye uzoefu huzitolea fotokopi risiti za themo siku hiyohiyo zinapoingia ofisini.

Jikoni kwenye hoteli kubwa jambo hili linaonekana wazi zaidi. Mhudumu anapopeleka oda kwa kompyuta, karatasi hutokea karibu na majiko, na karatasi ya themo karibu na jiko huanza kuwa kijivu kabla mpishi hajamaliza kusoma. Kwa hiyo watengenezaji huuza printa ndogo za jikoni zinazogonga. Epson TM-U220 ni mojawapo, ina pini 9 na utepe wa rangi mbili, nyeusi na nyekundu, na haijali joto wala mvuke. Mteja analetewa bili iliyochapwa kwa themo, lakini chakula chake kimepikwa kwa maelekezo ya doti matriksi.

Sasa tuje kwenye mashine zinazogonga. Zimekuwa za aina nyingi. Kulikuwa na printa za mistari, kama IBM 1403 ya mwaka 1959 iliyotumiwa na kompyuta kubwa, ikichapa mistari 600 kwa dakika kwa kelele ya kiwanda. Kulikuwa na printa za gurudumu lenye herufi zilizochongwa kwenye ncha za vijiti vyake, zikiandika maandishi mazuri kama ya taipureta, lakini herufi hizo hizo tu: ukitaka mwandiko mwingine, badilisha gurudumu. Na hapo ndipo wazo la nukta lilipoingia. Badala ya kuchonga herufi, chukua vijiti vichache vya chuma na uviamuru kila kimoja peke yake. Kampuni ya Oki ya Japani ilitoa Wiredot mwaka 1968, Centronics ya Marekani ikafuata na modeli yake ya 101 mwaka 1970, na Epson MX-80 ya mwaka 1980 ndiyo iliyozifikisha printa hizi katika ofisi za kawaida duniani. IBM ilipouza kompyuta yake binafsi ya kwanza mwaka 1981, printa iliyouzwa nayo ilikuwa hiyohiyo ya Epson, imebandikwa tu jina la IBM.

Ukifungua kifuniko cha Epson LX-310, ambayo utaikuta madukani hadi leo, utaona reli moja ya chuma iliyolala kushoto kwenda kulia. Juu ya reli kinatembea kichwa cha kuchapia, kinachoenea kiganjani, chenye mapezi ya aluminiamu mgongoni. Mbele yake kuna pua nyembamba, na katika pua hiyo zimechungulia ncha za pini 9, zimepangwa moja chini ya nyingine. Kila pini ina unene wa karibu milimita 0.3, na kutoka katikati ya pini moja hadi ya pili ni sehemu ya 72 ya inchi. Mbele ya pua unapita utepe wa nailoni uliolowana wino. Mbele ya utepe ni karatasi, na nyuma ya karatasi ni rola nyeusi ya mpira mgumu. Mpangilio ni huo: pini, utepe, karatasi, rola.

Nyuma ya kila pini kuna koili. Umeme ukipita kwenye koili kwa sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde, koili hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, chuma husukuma pini. Pini husafiri pungufu ya nusu milimita, hugonga utepe kwenye karatasi, na springi huirudisha kabla kichwa hakijasogea mbali. Zipo printa zinazofanya kinyume: sumaku ya kudumu huishikilia springi ikiwa imebanwa muda wote, na umeme wa koili kazi yake ni kuidhoofisha sumaku hiyo ili springi ijifyatue. Vichwa vya namna hiyo hupiga haraka zaidi. Kwa vyovyote vile, pini moja inaweza kupiga zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde. Cherehani hufanya jambo linalofanana na hili, sindano ikipanda na kushuka mahali pamoja, ila kwenye cherehani ni kitambaa kinachosogea na hapa ni sindano zinazotembea.

Tuchukue herufi moja, A kubwa, tuitazame ikizaliwa. Mashine za mwanzo ziliichora ndani ya kimiraba cha nukta 5 kwa upana na 7 kwa urefu. Kompyuta haitumi picha ya A. Hutuma namba 65 tu. Ndani ya printa kuna kumbukumbu inayojua kwamba 65 ni A, na kwamba A huchorwa kwa hatua 5. Kichwa kikiwa kwenye safu ya kwanza, pini ya 3, 4, 5, 6 na 7 hupiga kwa pamoja: huo ni mguu wa kushoto. Kichwa husogea kidogo, pini ya 2 na ya 5 hupiga. Husogea tena, pini ya 1, ambayo ni kilele cha herufi, na ya 5, ambayo ni mtambuko wa katikati. Kisha 2 na 5 tena, kisha mguu wa kulia kwa pini 5. Mapigo 16, herufi moja. Pini ya 8 na ya 9 hazikuguswa. Hizo hungoja herufi zenye mikia, kama g, j, p na y, na mstari wa chini ya neno. Printa za zamani zenye pini 7 hazikuwa na anasa hiyo, ndiyo maana katika hati za miaka ya 1970 utaona g na y zimekunja miguu zikakaa juu ya mstari.

Printa ya kawaida ya leo huchapa zaidi ya herufi 300 kwa sekunde ikiwa katika hali ya haraka. Kwa herufi 10 kwa kila inchi, maana yake kichwa kinakimbia inchi 30 kila sekunde, yaani sentimita 76, na njiani kinafyatua pini bila kusimama. Kikifika mwisho wa mstari hakirudi bure. Huchapa mstari unaofuata kikitoka kulia kwenda kushoto, maneno yakiandikwa kinyumenyume. Hapo hutokea kasoro moja maarufu: mistari ya wima ya jedwali huonekana imeparaganyika, mmoja huku, mmoja kule. Printa haijafa. Safari ya kwenda na ya kurudi hazikutani sawasawa, na marekebisho yake yamo ndani ya menyu ya mashine yenyewe.

Ukitaka maandishi yaliyojaa zaidi, kichwa hupita mara mbili juu ya mstari uleule, karatasi ikiwa imesogezwa kiasi kidogo sana ili nukta za mara ya pili zijaze mapengo ya mara ya kwanza. Herufi nzito hupatikana hivyohivyo, kwa kuigonga mara ya pili kando kidogo. Ubora huongezeka, kasi hupungua nusu. Njia nyingine ni kununua printa ya pini 24, kama zile za familia ya LQ ya Epson. Pini zake ni nyembamba, za karibu milimita 0.2, zimepangwa kwa safu mbili zinazopishana, kwa hiyo nukta zinagusana na herufi inasomeka bila jino. Lakini watu hukosea hapa. Husikia 24 wakadhani ni bora kuliko 9 kwa kila jambo. Pini nene hugonga kwa nguvu kubwa zaidi na huvumilia zaidi. Kwa ankara zenye nakala nyingi, printa ya pini 9 mara nyingi ndiyo chaguo sahihi. Pini 24 ni za yule anayejali sura ya barua, au benki inayochapa kwenye kitabu cha akiba.

Nakala ndiyo roho ya mashine hii. Muuza jumla wa Kariakoo au wa Gikomba akikuandikia ankara, hutoka karatasi tatu kwa mpigo: nyeupe ya mteja, ya waridi ya stoo, ya njano ya vitabu. Hizo ni karatasi za NCR, zilizochukua jina kutokana na kampuni ya Marekani ambayo wanakemia wake, Barrett Green na Lowell Schleicher, waliomba hataza yake mwaka 1953. Mgongo wa karatasi ya juu umepakwa vifuko visivyoonekana kwa macho, vimejaa rangi isiyo na rangi. Uso wa karatasi ya chini umepakwa udongo wenye tindikali. Pini ikigonga, vifuko hupasuka, rangi hukutana na udongo, na maandishi ya buluu au meusi hutokea. Karatasi ya katikati imepakwa pande zote mbili. Kwa hiyo mpangilio wake haubadilishwi: ukiigeuza moja, au ukichanganya seti, nakala hutoka nyeupe pe, na fundi huitwa bure.

Kila karatasi inayoongezwa hunyonya sehemu ya pigo. LX-310 imetengenezwa kwa karatasi ya juu na nakala 4, FX-2190 yenye safu mbili za pini 9 inafika nakala 6. Kando ya kichwa kuna wenzo mdogo wenye namba, ambao husogeza kichwa mbele au nyuma kulingana na unene wa karatasi. Wenzo huo ndio unaosahaulika kuliko kitu chochote kwenye mashine. Ukiuacha kwenye namba ndogo ukapitisha karatasi tano, pini zinajikwaa kwenye utepe na kupinda. Ukiuacha kwenye namba kubwa ukapitisha karatasi moja, maandishi yanafifia, na mwenye ofisi ananunua utepe mpya usiohitajika.

Kuna faida nyingine isiyozungumzwa sana. Ukipitisha kidole nyuma ya ankara iliyochapwa kwa pini, unahisi vijishimo. Tona inaweza kukwanguliwa kwa wembe, wino wa maji unaweza kuoshwa, lakini pigo limeingia ndani ya karatasi yenyewe. Na nakala tatu zilizopigwa kwa pigo moja hazipingani. Mtu akibadilisha kiasi kwenye ya kwake, mbili zilizobaki zinamuumbua. Leza inaweza kutoa kurasa tatu zinazofanana, ila hizo ni kurasa tatu tofauti zilizochapwa mara tatu, na hakuna kinachozuia ya tatu kuwa na tarakimu nyingine.

Kelele ndiyo gharama yake, na kelele hiyo inasema mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, wakiwemo Michael Backes na wenzake, walionyesha kwamba sauti ya doti matriksi inaweza kusomwa. Ukirudi kwenye ile A yetu utaona sababu: pini 5 zikipiga pamoja zinalia tofauti na pini 2. Waliweka kipaza sauti karibu na printa, wakaifundisha kompyuta sauti za maneno, na ikaweza kutambua hadi asilimia 72 ya maneno yaliyochapwa; ilipoambiwa hati inahusu nini, ikafika hadi asilimia 95. Walijaribu hata katika kliniki ya daktari, kwa sababu walikuta zaidi ya nusu ya madaktari nchini humo bado wanatumia printa hizi. Simwambii mtu aogope. Ila meneja wa benki anayechapa orodha ya salio za wateja, mteja akiwa amelaza simu kwenye kaunta, ana jambo la kufikiria.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi si ya kelele bali ya kasi: printa imenunuliwa ya herufi 300 kwa sekunde, mbona ankara moja inachukua dakika? Mara nyingi kosa liko kwenye kompyuta. Programu ikituma maandishi kwa fonti za kwenye kompyuta, kama Arial au Calibri, printa haipokei tena namba 65. Inapokea picha ya A, nukta kwa nukta, na kuichora polepole kama picha. Chagua fonti zilizomo ndani ya printa yenyewe, ambazo huonekana kwenye orodha zikiwa na maelezo ya cpi, yaani idadi ya herufi kwa inchi. Ankara ileile itatoka kwa sekunde chache. Programu nyingi za mauzo zina chaguo hili, na ajabu ni jinsi aliyeisimika asivyomwambia mwenye duka.

Kasi ikipungua ghafla katikati ya kazi ndefu, mchana wenye joto, hilo nalo si ugonjwa. Koili zinazopiga mfululizo hupata moto, mapezi ya aluminiamu hayatoshi, na kihisi cha joto ndani ya kichwa huiamuru mashine ipumzike kati ya mistari. Iache. Usiguse kichwa kwa kidole, kitakuchoma.

Utepe wa LX-310 unakadiriwa kuchapa herufi milioni 4. Ukishafifia, kuna tabia ya kuulowesha wino wa muhuri na kuurudisha kazini. Utaonekana mweusi siku mbili tatu. Shida ni kwamba wino wa utepe una mafuta ndani yake, na mafuta hayo ndiyo yanayolainisha pini zinapoingia na kutoka. Wino wa muhuri hauna. Pini huanza kukwama, na dalili yake haikosewi: mstari mweupe mwembamba unaokata herufi zote kwa usawa, ukurasa mzima. Pini moja hairudi au haitoki. Kichwa kipya ni sehemu kubwa ya bei ya printa nzima, wakati utepe halisi ni kitu kidogo. Utepe ulioanza kutoka nyuzi nao utupwe siku hiyohiyo, kwa kuwa pini hunasa kwenye uzi, kichwa kikiendelea kukimbia pini inavunjika.

Kwa upande wa umeme mashine hii haina makuu. Inakula wati 30 hivi ikichapa, kiasi ambacho UPS ya kawaida ya kompyuta inakimudu, na vumbi la stoo ya saruji linaloua leza kwa miezi halikiogopeshi kichwa chake. Pulizia tu nje vumbi la karatasi linalojikusanya chini ya rola, hasa kama unatumia karatasi za mkunjo zenye mashimo pembeni.

Kwa hiyo, mgeni wetu aliyeuliza: kama ofisi yako inaandika barua na ripoti nyingi, nunua leza. Kama ni picha, mabango na kazi za shule za rangi, nunua ya wino yenye matangi. Kama ni risiti ya mteja anayeondoka nayo, themo inatosha. Lakini kama karatasi moja lazima isainiwe na watu watatu walioko mahali patatu, dereva wa lori, mlinzi wa geti na mtunza stoo, usimwondoe huyu mzee kwenye kaunta.

Na siku ya kumnunua mwingine, usiridhike na karatasi nyeupe ya majaribio ambayo muuzaji ameiandaa. Nenda na seti ya ankara zako mwenyewe, zilezile za NCR unazotumia kazini. Muombe muuzaji aweke utepe, arekebishe wenzo, kisha azime mashine na kuiwasha tena akiwa ameshikilia kitufe cha LF/FF; printa nyingi za Epson huanza hapo kujichapia ukurasa wa majaribio bila kompyuta. Ukurasa ukitoka, chana seti, weka pembeni nakala ya kwanza, na usome ya mwisho. Kama namba 3 na namba 8 hazitofautishiki kwenye nakala hiyo, usitoe pesa.